Tahadhari isiyohesabu radi

Kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Darwin, Australia, viko Visiwa vya Tiwi, Bathurst na Melville, karibu latitudo moja na Komoro. Juu yake huchomoza wingu lenye jina la mtu. Marubani wa Vita vya Pili vya Dunia waliliita Hector, maana walilikuta palepale karibu kila alasiri ya msimu wake.

Asubuhi jua huipasha ardhi moto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa bahari huingia kutoka kila upande kuchukua nafasi yake. Pepo hizo zikikutana katikati ya kisiwa hazina pa kwenda ila juu, nazo zimejaa mvuke. Mvuke ukigeuka matone hutoa joto linalozidi kuisukuma hewa. Saa tisa alasiri kilele cha wingu huweza kukaribia kilomita 20, zaidi ya mara tatu ya kimo cha Kilimanjaro. Monsuni ikivuma kwa nguvu, mawingu hufunika jua, ardhi haipati moto, na Hector hatokei.

Wingu linalotabirika hivyo lingetegemewa kuwa na tahadhari kila siku. Halina. Idara ya Hali ya Hewa ya Australia hutangaza dhoruba kali ya radi pale tu inapohofiwa upepo wa ghafla wa kilomita 90 kwa saa au zaidi, mvua ya mawe yenye vipande vya sentimita 2 na kuendelea, mvua ya kuleta mafuriko ya ghafla, au tonado. Mawe makubwa ni adimu tropiki: hewa haifikii baridi ya kuganda mpaka karibu kilomita 5 juu, na barafu nyingi huyeyuka njiani. Upepo ndio wa kuogopwa zaidi. Matone yakipita kwenye hewa kavu, baadhi hugeuka mvuke, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka na kutawanyika ikigusa chini. Mvuvi aweza kupinduliwa kabla hajalowa.

Radi yenyewe haimo katika vigezo hivyo. Kila dhoruba ya aina hii inayo. Ingehesabiwa, tangazo lingetoka kila alasiri na watu wangelipuuza. Hoja hiyo naikubali. Tatizo ni msikilizaji asiyeijua: kwake, redio ikinyamaza basi hakuna hatari, ilhali radi huweza kupiga kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha.

Kwa hiyo masikio yafanye kazi ambayo tangazo haliifanyi. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, gawa kwa 3, upate kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, si chini ya mwembe wala kibanda cha makuti. Tulia humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mvua imeshakatika na jua linawaka.