Lugha ya msituni iliyopotea bila kuandikwa

KIGALI

Mfanyabiashara anayenunua vyungu kwa wafinyanzi Watwa jijini Kigali huuziwa kwa Kinyarwanda. Akivuka Gatuna hadi Kabale, Uganda, Watwa wa huko humsemesha Kikiga. Bujumbura ni Kirundi. Jamii ni moja, yenye asili ya uwindaji msituni, lakini kila upande wa mpaka inazungumza lugha ya majirani.

Nchini Rwanda watu hawa huitwa rasmi "walioachwa nyuma na historia", na shirika lao la Kigali, COPORWA, linabeba jina la wafinyanzi. Lugha ya mababu zao haina kamusi wala kitabu.

Dalili zipo kwingineko. Mtafiti Mfaransa Serge Bahuchet alilinganisha Waaka na Wabaka, watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Waaka wanazungumza lugha ya Kibantu, Wabaka isiyo ya Kibantu. Hata hivyo wana maneno mengi yanayofanana, hasa ya asali, mimea, wanyama na zana. Bahuchet aliyaona kuwa mabaki ya lugha moja ya kale, ingawa wapo wataalamu wanaompinga.

Biashara ina mchango wake. Watu wa msituni walipeleka nyama na asali kwa wakulima, wakarudi na nafaka na vyuma. Mwenye haja ya soko ndiye aliyejifunza lugha ya mwenzake.

Kenya ina mfano ulio wazi zaidi. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walikuwa wafuga nyuki, na mahari yao ilikuwa mizinga. Mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kuoana na majirani wafugaji waliodai mahari ya ng'ombe. Mizinga ikapoteza thamani, mifugo ikawa ndiyo mali, na Kimaa, lugha ya mifugo, kikaingia majumbani. Leo UNESCO inaihesabu Kiyaaku kuwa imekufa, ingawa wajukuu wanajaribu kufufua maneno yake.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda, na wanaovuka mipaka kila wiki wanakihitaji. Lakini kujua lugha ya soko hakumlazimishi mtu kuacha ya kwao. Wayaaku hawakupoteza lugha yao siku walipojifunza Kimaa cha kununulia ng'ombe. Waliipoteza walipoacha kuwasemesha watoto wao Kiyaaku.