Betri za Magari ya Umeme na Wajibu wa Kutunza Nyumba ya Wote

Gari la umeme halitoi moshi barabarani, na kwa sababu hiyo wengi huliita gari safi. Hata hivyo, usafi wake hutegemea mambo mawili: chanzo cha umeme unaolichaji, na hali ya watu wanaochimba madini ya betri yake.

Utengenezaji wa betri ya lithiamu hutumia nishati nyingi. Hivyo gari la umeme hutoka kiwandani likiwa limekwisha kusababisha hewa ya ukaa nyingi kuliko gari la petroli la ukubwa uleule. Deni hilo hulipwa kadiri gari linavyotembea. Pale umeme unapotokana na makaa ya mawe, hulipwa polepole. Nchini Kenya, ambako sehemu kubwa ya umeme hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, hulipwa mapema zaidi.

Jambo la pili linatufikisha Kolwezi, mkoani Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Kobalti husaidia betri nyingi kuhifadhi nishati nyingi bila kuwa nzito mno. Sehemu ya madini hayo huchimbwa kwa mikono na wachimbaji wadogo, katika mashimo yanayoweza kuporomoka wakati wowote. Watoto nao wamekutwa wakiokota na kuosha mawe hayo.

Zipo betri za chuma na fosfati zisizohitaji kobalti kabisa, na matumizi yake yanaongezeka. Lakini kuikimbia kobalti ya Kongo hakumlishi mchimbaji wala hakumrudishi mtoto shuleni. Panahitajika machimbo salama, bei ya haki, na viwanda vya kurejeleza betri zilizochakaa ili madini yake yatumike tena.

Katika Waraka wa “Laudato si’” wa mwaka 2015, Hayati Baba Mtakatifu Francisko alihimiza kuachana hatua kwa hatua na nishati chafuzi, hasa makaa ya mawe. Mwezi Januari 2023, akiwa Kinshasa, alikemea unyonyaji wa rasilimali za Kongo. Mafundisho haya mawili hayatenganishiki: hewa safi ya miji ya mbali isinunuliwe kwa uhai wa maskini wa Kolwezi.