Koleo la Mfukoni: Jina Ni Lile, Chuma Si Kile

Miongoni mwa wasomaji wetu wamo wengi ambao hawatoki nyumbani asubuhi pasipo kifaa kile kidogo cha kukunja, chenye koleo, kisu, bisibisi, tupa na kifungua mikebe, vyote vikiwa vimelala ndani ya mipini miwili. Mkulima hukitia mfukoni aendapo kutazama ua wake, na karani hukiweka katika mtoto wa meza apate kukazia skrubu za kiti. Nawaandikia hao hasa, kwa kuwa leo ninavyo vitatu vya alama moja mbele yangu, navyo havifanani.

Cha kwanza alikinunua marehemu baba yangu mjini Nakuru katika mwaka 1994. Cha pili nilikinunua mwenyewe mwaka 2009 kwa mshahara wangu wa kwanza. Cha tatu nilikipata mwaka 2022, cha pili kilipolegea. Jina la kampuni sitalitaja, maana sikuja kugombana na mtu.

Desturi ya kubeba karakana mfukoni ni ya zamani. Fundi wa visu Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach, nchi ya Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1897 akaandikisha kisu chake cha maafisa. Visu vya kwanza vilishika kutu. Mwaka 1921 ndipo kampuni yake ilipoanza kutumia chuma cha pua kisichoshika kutu, ikajiita Victorinox. Kifaa chenye koleo kilienea kwa bidii ya Mmarekani Tim Leatherman, ambaye mwaka 1975 alizunguka Ulaya katika gari la Fiat lililomsumbua njia nzima. Kisu alikuwa nacho, koleo hakuwa nalo. Alihangaika miaka minane hata akaanza kuuza chombo chake mwaka 1983.

Nirudi kwa vitatu vyangu. Ukifunga koleo la baba na kulielekeza dirishani, huoni mwanga kati ya meno yake. La pili lapitisha mwanga mwembamba nchani. La tatu halina nchani wala mwanzoni, kwa maana nusu ya taya yake imevunjika, na habari zake ni hizi.

Jioni moja ya mwezi wa Aprili mtamba wetu, mwenye mimba ya miezi saba, alinaswa katika seng'enge. Nilikuwa karibu, nikatoa kile kipya nikakata uzi wa kwanza. Katika uzi wa pili taya ilikatika kama biskuti. Mtamba alishtuka akajivuta, na miiba ikampasua kiwele. Mama alikuja mbio na kifaa cha baba, kilichokuwa kikining'inia jikoni, akakata nyuzi zote nne bila kusema neno. Baadaye tu aliniuliza, "Hicho chako, mwanangu, ulikinunua cha kuchezea?"

Nilipotazama mahali palipovunjika niliona chembe kubwa za kijivu, mfano wa sukari. Fundi yeyote wa chuma atakuambia habari yake. Chuma cha pua kilichopashwa moto kwa kiasi na kuzimwa vema huwa na chembe ndogo sana. Kikipashwa moto kupita kiasi chembe hukua, nacho huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kosa hilo halionekani kwa nje. Kiwanda kitakacho kupunguza gharama hupunguza kwanza pale ambapo mnunuzi haoni: katika tanuru, katika unene wa bamba, na katika wakati wa fundi kusawazisha taya mbili mpaka zikutane.

Nilikipeleka dukani. Muuzaji alikigeuzageuza, akanirudishia. "Karani, siku hizi ndivyo vinavyokuja."

Hata hivyo nisiwe mtu wa kusifu kila cha zamani. Kisu cha baba hakina kufuli ya kuzuia ubapa usijikunje, na kovu la kidole chake cha shahada nalikumbuka. Cha mwaka 2022 kinayo, tena nzuri. Pia vifaa vibovu vya mwaka 1994 vilikwisha kutupwa, hatuvioni leo tukavilinganisha.

Aendaye kununua na akifungue dukani, muuzaji akinuna na anune. Funga koleo ulielekeze kwenye mwanga. Fungua ubapa, uushike nchani, uutikise kushoto na kulia: usicheze. Tazama ribiti kama zimelala sawa na mpini. Wengine huja na sumaku, wakidhani chuma kikivutwa ni kibaya. Hilo ni kosa: chuma cha pua kigumu, kifaacho kwa makali, huvutwa na sumaku, kiwe kimetengenezwa vema au vibaya.

Daktari wa mifugo alimshona mtamba wetu usiku ule kwa mwanga wa tochi. Alizaa salama mwezi wa Juni, naye hukamuliwa chuchu tatu. Kifaa cha baba kimerudi jikoni, juu ya msumari wake, na mama hakubali nikiondoe.