Muhula wa vuli, mzazi yuko mpakani

Jumamosi ni siku ya soko Taveta, kama ilivyo Jumatano. Anayenunua vitunguu na maharage upande wa Tanzania ili akauze huko hufika Holili jua halijachomoza, apange foleni na wenzake, avuke, ashushe mzigo kabla bei haijaanguka. Shule za kimataifa nazo huipenda Jumamosi. Ndiyo siku ya michezo, siku ya maonyesho ya vyakula vya mataifa, mara nyingine siku ya wazazi kukaa na walimu. Kutoka Holili hadi Moshi mjini hakuzidi mwendo wa saa moja kwa gari. Lakini kwa mama mwenye magunia kwenye Canter ya kukodi, saa hiyo moja ni mbali kuliko Dubai.

Zamani jambo hili halikuwahusu wachuuzi wa mipakani. Shule za kimataifa zilijengwa kwa ajili ya watoto wa mabalozi, madaktari na wataalamu wa kigeni. International School of Tanganyika ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, International School of Uganda mwaka 1967, na International School of Kenya ya Nairobi mwaka 1976. Ile ya Moshi, ambayo leo ni UWC East Africa, ilifunguliwa mwaka 1969, wakati hospitali kubwa ya KCMC ilipokuwa ikijengwa na madaktari wake wakihitaji mahali pa kusomesha watoto. Leo kwenye madawati ya shule za namna hiyo, kubwa na ndogo, kuanzia Arusha hadi Kigali na Kampala, wamo watoto wa wenye maduka ya jumla, wa wenye malori mawili matatu, wa akina mama walioanza na mitumba na sasa wanaleta makontena. Ada nyingi zilizoea kutajwa kwa dola, na hilo halikumtisha mtu ambaye kila asubuhi huuliza dola imeamkaje kabla hajauliza hali ya hewa. Kinachomshinda ni kalenda.

Muhula wa kwanza wa shule hizi huanza Agosti au mwanzoni mwa Septemba na kufungwa katikati ya Desemba. Kalenda hiyo ilitoka Ulaya na Marekani, ambako miezi hiyo ni majira ya majani kupukutika na watu kurudi kazini baada ya likizo ndefu. Afrika Mashariki miezi hiyo ni vuli, mvua fupi. Wanyarwanda wanaiita umuhindo. Mkulima hupanda. Mfanyabiashara wa mpakani huuza kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: sare za Januari zinaanza kuagizwa, mchele na mafuta ya kupikia vya sikukuu vinatafutwa, nguo za Krismasi ziko njiani kutoka Nairobi, Kampala na Guangzhou. Anayekaa kijiweni Novemba amejikosesha mtaji wa mwaka mzima.

Ndani ya miezi hiyo hiyo shule hukusanya karibu kila kitu inachotaka mzazi akione. Kuna mkutano wa kufungua mwaka, ambapo walimu hueleza mtaala. Kuna Siku ya Umoja wa Mataifa, tarehe 24 Oktoba, ambayo shule nyingi za aina hii huifanya sikukuu: watoto huvaa mavazi ya kwao, wazazi huleta sufuria za vyakula vya kwao. Moshi na Arusha kuna safari za milimani, ambako mwanafunzi hupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia matembezi ya siku moja hadi miteremko ya Kilimanjaro. Wanaosoma Diploma ya IB, programu iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, hudaiwa pia shughuli za ubunifu, michezo na kuhudumia jamii kwa miezi isiyopungua 18, na bila kuzikamilisha hawapewi cheti hata wakipasua mitihani. Kisha huja kikao cha mzazi, mwalimu na mwanafunzi.

Mfumo huo ulifikiriwa kwa familia za aina fulani. Mzazi mmoja anafanya kazi ubalozini au kwenye shirika. Mwenzake mara nyingi hana kibali cha kazi, yuko nyumbani, ana muda wa kuoka keki za harambee na kuwa mwakilishi wa darasa. Huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya chama cha wazazi. Mama wa Holili hana mwenzake wa kumwachia mzani, na akipokea ujumbe wa shule saa nne asubuhi kwamba leo jioni kuna kahawa ya wazazi, anausoma akiwa dirisha la forodha.

Kukosa kahawa hakudhuru mtu. Vikao viwili vya vuli, hata hivyo, vinaweza kumgharimu mzazi zaidi ya kontena lililokwama bandarini.

Cha kwanza ni cha kuchagua masomo. Mwanafunzi wa Diploma huchukua masomo sita, kwa kawaida matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida. Tangu 2019 hisabati yenyewe ina njia mbili: moja ya uchambuzi, yenye aljebra na kalkulasi nyingi, nyingine ya matumizi, inayoegemea takwimu na vielelezo. Kwenye karatasi zote zinaitwa hisabati. Lakini vitivo vingi vya uhandisi hutaka ile ya kwanza, tena ngazi ya juu. Shule nyingi humruhusu mwanafunzi kubadilisha somo katika wiki za mwanzo tu za muhula. Baada ya hapo treni imeondoka. Kijana wa miaka 16 aliyeachwa achague peke yake huchagua palipo na rafiki zake, au pasipo na mwalimu mkali. Baba yake, ambaye miaka yote amekuwa akisema mwanangu atakuwa injinia, hugundua miaka miwili baadaye.

Suala la kurudi nyumbani nalo lina masharti yake. Anayetaka kusoma chuo kikuu Tanzania akiwa na vyeti vya nje hupeleka vyeti hivyo NECTA vilinganishwe. Uganda kazi hiyo ni ya UNEB. Masomo aliyofaulu ndiyo yanayoangaliwa. Mzazi anayefikiria chuo cha Makerere au Dar es Salaam kwa sababu ya gharama anapaswa kulisema hilo mapema, vuli ya mwaka wa kwanza, si siku ya matokeo.

Cha pili ni kikao na mshauri wa vyuo, vuli ya mwaka wa mwisho. Maombi ya Oxford, Cambridge na ya udaktari kwenye vyuo vya Uingereza hufungwa katikati ya Oktoba. Vyuo vingi vya Marekani vina dirisha la mapema linalofungwa mwanzoni mwa Novemba, na huko ndiko wengi hutafuta msaada wa ada. Fomu za msaada huo humuuliza mzazi anapata kiasi gani kwa mwaka, na humtaka aonyeshe.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa mipakani hukwama, hata walio waaminifu kabisa. Pesa imezunguka kwa M-Pesa, kwa noti, kwa mali kwa mali, kwa daftari la mkopo lenye majina ya utani. Mwenye mshahara anachapisha karatasi moja tu, basi. Mwenye duka anahitaji taarifa za benki, za simu, ritani za kodi, na kumbukumbu za mizigo yake. Anayetumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, huwa anapewa karatasi kila anapovuka: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na tamko la forodha. Wengi huzitupa mzigo ukishauzwa. Zikitunzwa kwenye faili kwa miaka miwili, zinasaidia kueleza mauzo ya mtu ambaye vitabu vya hesabu hana. Mtoto hawezi kujaza ukurasa huo wa fomu kwa niaba ya mama yake, hata awe na akili kiasi gani.

Liko na tatizo la lugha, ambalo shule hulizungumzia kwa nadra. Vikao vingi huendeshwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa Bukavu au Bujumbura ana Kifaransa chake na Kiswahili chake cha sokoni. Wa Namanga anajua Kiingereza cha bei na vipimo. Basi mtoto hufanywa mkalimani wa ripoti yake mwenyewe. Mwalimu huongea dakika tano, uso umekunjamana, kidole juu ya daftari. Mama hugeuka: "Mwanangu, mwalimu anasemaje?" Jibu huja kwa sekunde tatu: "Anasema naendelea vizuri, mama." Mama hushukuru, mwalimu hudhani ameeleweka, na wote watatu huondoka wakiwa na ripoti tofauti.

Wazazi hucheka wakisimuliana visa vya namna hii, lakini si vya kuchekesha sana. Kila shule ya aina hii katika ukanda huu ina watu wanaozungumza Kiswahili kwa ufasaha: mwalimu wa Kiswahili, mhasibu, mlezi wa bweni. Kiswahili chenyewe ni somo linalotahiniwa kwenye IB. Mzazi ana haki ya kuomba siku tatu kabla kwamba mtu mzima akae naye kama mkalimani, na ombi hilo likitoka kwa wazazi watano kwa pamoja halipuuzwi.

Vivyo hivyo kuhusu siku. Ratiba ya mwaka hutolewa Agosti. Mwenye biashara anayeibandika ukutani stoo, kando ya orodha ya siku za masoko, huona mapema ni wapi Jumamosi mbili zitagongana. Kuomba kikao Jumatatu jioni, au kwa simu ya video saa mbili usiku mzani ukishafungwa, si kuomba hisani. Shule zilijifunza kufanya hivyo wakati wa korona, na hazijasahau. Mlezi anayemwakilisha mzazi naye aende na barua iliyosainiwa, yenye kusema anaruhusiwa kuamua nini na nini aache kwanza apige simu. Shangazi aliyetumwa bila barua husikiliza tu na kurudi na salamu.

Upande wa pili wa ushiriki, ule wa mzazi kutoa alicho nacho, ndiko wafanyabiashara hujidharau bure. Akiulizwa atasaidia nini, mama husema yeye hajasoma, atachangia soda. Lakini mwanafunzi wa somo la usimamizi wa biashara katika Diploma hutakiwa kufanya utafiti kuhusu biashara halisi yenye swali halisi, na kuuandika kwa maneno yasiyozidi 1,800. Wengi huishia kuandika juu ya kampuni kubwa za simu na vinywaji ambazo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Je, ni bora kununua mahindi Septemba na kuyahifadhi, au kuagiza kidogo kidogo shilingi inaposhuka? Kwa nini tani moja ya vitunguu hupoteza kilo kadhaa kati ya shamba na Taveta, na nani anayebeba hasara hiyo? Maswali haya yapo mezani kwa mama kila jioni. Mwalimu wa uchumi angefurahi kumpata kwa dakika arobaini, kwa Kiswahili, akiwaeleza wanafunzi namna bei inavyotengenezwa asubuhi ya soko kabla ya mtu yeyote kuitangaza.

Shule zenyewe hazina budi kujiuliza kwa nini hazijamwalika. Kumwita mzazi kwa ajili ya sufuria ya pilau Oktoba 24 ni rahisi. Kumwita kama mtu anayejua jambo kunataka kumfahamu kwanza.

Wafanyabiashara wanaohamisha mtoto kutoka shule ya kawaida kwenda ya kimataifa wapige hesabu ya mwaka pia. Tanzania na Kenya huanza masomo Januari, Uganda Februari. Rwanda ilihamia kalenda ya Septemba baada ya korona, na Burundi na Kongo huanza Septemba vilevile. Mtoto wa Gisenyi huingia bila pengo. Wa Busia aliyemaliza darasa Novemba ama husubiri hadi Agosti, ama huingia katikati ya mwaka akiwa nyuma kwa muhula mzima, na mara nyingi muhula anaoukosa ni huo wa vuli, ambao urafiki na timu huundwa.

Hati nazo zisiachwe hadi mwisho. Kenya, Uganda na Rwanda zinapokea vitambulisho vya taifa mipakani tangu 2014, lakini mtoto wa miaka 14 kitambulisho hicho hana. Anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kibali cha mwanafunzi cha nchi anakosoma, na barua ya ridhaa ya wazazi akisafiri na dereva au jirani.

Muhula hufungwa katikati ya Desemba, wiki ambayo Namanga hujaa malori na mabasi ya sikukuu. Kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa hapo mwaka 2018 kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Siku hiyo mama huwa anangoja mzigo wake upande wa forodha. Begi la shule linakuja kwa dirisha la uhamiaji, na aliyelibeba amerefuka tangu Agosti.