Misumari Miwili Katika Udongo wa Kitui

Mto ukikauka Kitui, watoto ndio huutafuta tena. Hushuka mchangani na mitungi ya manjano, wakachimba kwa mikono na mkebe, na kabla maji hayajaonekana vidole vyao vimeshajua kama yako karibu: mchanga hupoa, kisha huanza kushikana. Ujuzi huo ningependa uwe mlango wa elektroniki kwa watoto wa Kitui na Makueni, kabla ya roboti na michezo ya skrini.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikaidhinisha silabasi ya kuandika programu. Ni hatua kubwa. Lakini kioo hakina pa kuchomeka msumari, na mtoto aliyezoea kuunda gari la waya, magurudumu akayakata kwenye patipati kuukuu, ana mikono inayongoja kazi.

Kazi yenyewe hii hapa. Chukua misumari miwili ya mabati, ile iliyopakwa zinki, uichomeke udongoni ikiachana upana wa vidole viwili. Iunge kwa waya na micro:bit, bodi ya kompyuta ya karibu sentimita 4 kwa 5. (Uingereza iligawa bodi kama hizi bure kwa wanafunzi wapatao milioni moja kuanzia 2016.) Betri mbili nyembamba za rimoti zinatosha. Ni volti 3 tu, hazimrushi mtu, na shule isiyo na stima haiachwi nyuma.

Maji ya udongoni hubeba chumvi zilizoyeyuka, nazo hupitisha umeme. Udongo ukilowa, mkondo huvuka kwa urahisi toka msumari hadi msumari. Ukikauka, njia hufungika. Bodi huipima hali hiyo na kuitoa kama nambari kati ya 0 na 1023. Mtoto huandika programu fupi: nambari ikishuka chini ya kiwango fulani, taa 25 za bodi zichore uso wa huzuni, ikipanda, uso wa tabasamu.

Kiwango gani? Hapo ndipo ningemweka mtoto siku nzima. Bodi haiujui udongo wa Wote kule Makueni wala wa Mwingi kule Kitui, na udongo mweusi wa mfinyanzi hauitoi nambari ya kichanga chekundu hata vikitiwa maji sawasawa. Basi mtoto huanika udongo wa shamba la kwao, huujaza mkebeni, husoma nambari. Huongeza kijiko cha maji, husubiri, husoma tena, na kila mara huandika daftarini. Kisha humwita nyanya yake aufinyange kiganjani. Nyanya akisema, "Huu sasa unapandika ndengu," nambari ya wakati huo ndiyo kiwango.

Baada ya siku chache nambari zinaweza kuanza kuyumba ingawa udongo ni uleule. Ng'oa misumari: mmoja umeliwa, kwa sababu mkondo ulioachwa ukipita mchana na usiku humega chuma chenyewe. Dawa imo kwenye programu: mkondo uwashwe wakati wa kusoma tu, kisha uzimwe. Mtoto aliyeushika msumari ulioliwa hasahau kuandika mstari huo.

Kaunti hizi mbili zina mabwawa mengi ya mchanga. Ukuta hujengwa kukinga mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa kati ya chembe. Jua hunyonya tabaka la juu, lakini likifika kina cha takriban sentimita 60 nguvu zake zimekwisha. Darasa linaweza kufunga jozi tatu za misumari kwenye ufito, moja ikae sentimita 10 chini ya mchanga, nyingine 40, ya mwisho 70, na kuuzika Januari mvua za Oktoba hadi Desemba zikishapita. Nambari ya juu itaporomoka kwanza, ya kati itaifuata polepole, ya chini itashikilia. Halafu wachimbe kwa mikono yao, waone kama misumari imesema kweli.