NYUMBA ZA VIPANDE VYA KIWANDANI: MAELEZO KWA WANANCHI

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773. Mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 586,000, na ardhi haikuongezeka hata shubiri. Mashamba ya minazi yanageuzwa viwanja, na mchanga wa kujengea unachimbwa katika ardhi ambayo ingelimwa. Hiyo ndiyo sababu ya ujenzi wa kisasa kuzungumzwa sana hivi sasa.

Wazo lenyewe si geni visiwani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilijenga nyumba za maendeleo Kikwajuni na Kilimani, kisha Michenzani, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki na nguvu za wananchi. Majumba ya Michenzani, ambayo watu huyaita treni kwa urefu wake, yalifuata ramani iliyorudiwarudiwa. Nyumba za aina hiyo zilifika hadi Bambi, Makunduchi, Wete na Mkoani.

Tofauti ya njia ya sasa ni kwamba kazi kubwa huhamishwa kutoka kiwanjani kwenda kiwandani. Kuta, sakafu na paa, za zege au za mbao, hutengenezwa kwa vipimo maalum, mabomba na nyaya zikiwa zimeshapitishwa. Wakati huo huo msingi unachimbwa, na hapo ndipo muda unapookolewa. Vipande hupakiwa, huletwa na kuunganishwa kwa muda mfupi. Katika mji mpya wa Fumba zimo nyumba zilizojengwa kwa kuta za mbao za namna hii.

Njia hii haisamehe uzembe. Fundi wa matofali akikosea msingi kwa vidole viwili, hurekebisha kwa udongo wa saruji. Kipande cha kiwandani hakikubali. Maungio yasipozibwa vyema, maji ya masika hupenya ndani ya ukuta, ambako hayaonekani. Hewa ya bahari nayo hula nondo, kwa hiyo tabaka la zege linalozifunika lisiwe jembamba. Mbao zitiwe dawa ya mchwa na zikae juu ya msingi ulioinuka. Tena kipande kikubwa kinahitaji winchi na njia pana, na vichochoro vya Ng'ambo havina nafasi hiyo. Kwa Pemba, gharama ya chombo lazima ihesabiwe mapema.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni fedha. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, bati likipatikana ndipo familia huhamia. Nyumba ya kiwandani haiagizwi nusu. Malipo yake hutakiwa kwa mkupuo au kwa awamu chache. Bila ya mkopo wa muda mrefu anaoumudu mwalimu wa skuli au muuguzi, nyumba hizi zitabaki kuwa za wenye uwezo, hata zikijengwa kwa siku chache kiasi gani. Vile vile bei haishuki kwa nyumba moja moja; hushuka pale kiwanda kinapopata oda ya nyumba nyingi za aina moja. Hapa mkono wa Serikali una kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, kwani ndiyo inayoweza kutoa ardhi iliyopimwa, barabara na maji kwa eneo zima kwa pamoja.

Upande wa sheria, msingi umewekwa. Sheria ya mwaka 2010 ya umiliki wa sehemu za jengo inamwezesha mtu kumiliki fleti yake, huku paa, ngazi na mifereji ikiwa ya wote. Shirika la Nyumba la Zanzibar nalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Anayekusudia kununua aulize kwanza hati ya ardhi, kibali cha ujenzi na dhamana ya maungio kwa maandishi. Kwa fleti, aulize pia mchango wa matengenezo ni kiasi gani, na nani anaushika. Paa la wote likivuja na mfuko ukawa mtupu, wa ghorofa ya juu ndiye atakayelala na ndoo.