Ukimya wa Mkaguzi

Machi 7, 2017, watunzaji wa Apache Struts, programu inayotumika kujengea mifumo ya tovuti, walitangaza dosari nzito na kutoa sasisho la kuiziba. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, haikuchelewa kusikia. Barua pepe ilisambazwa kwa wafanyakazi zaidi ya 400: sasisho liwekwe ndani ya saa 48. Wiki hazikupita mbili, programu ya ukaguzi ikapitishwa kwenye seva zao. Haikuona kitu.

Dosari ilikuwapo. Ukaguzi uliishia kwenye folda ya juu, ilhali Struts ilikuwamo kwenye folda ya ndani. Mei wadukuzi wakaingia, na hatimaye wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Kulikuwa na kifaa cha kuchunguza mawasiliano ambacho kingewanasa, ila cheti chake cha kidijiti kilikuwa kimekwisha muda na hakikuwa kimehuishwa. Kilipohuishwa Julai 29, wageni wakaonekana siku hiyohiyo.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu hawa watu walikagua. Kilichowaponza ni kuchukua ukimya wa mkaguzi kuwa ni usalama.

Angalia jinsi Debian, mfumo wa Linux unaoendesha seva nyingi, unavyokwepa mtego huo. Mara mbili kwa siku ratiba ya mfumo huamsha programu ya apt, tena kwa kuichelewesha kwa muda wa kubahatisha unaoweza kufika saa 12, ili seva za dunia nzima zisivamie hifadhi ya programu kwa wakati mmoja. Ikiwa imewekwa kufanya hivyo, apt hushusha orodha ya programu, huhakiki saini yake ya kidijiti, kisha hulinganisha matoleo. Orodha ya masasisho ya usalama ina tarehe ya mwisho wa kutumika. Mtu akikulisha orodha ya zamani ili uamini hakuna jipya, tarehe ikishapita apt huikataa na kutoa kosa. Hapo ndipo ninapoona ufundi wenyewe: hata jibu la "hakuna jipya" linaisha muda.

Bado kuna pengo. Sasisho la OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, likiwekwa, faili hubadilika kwenye diski, lakini huduma iliyowashwa mwezi uliopita huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu mpaka iwashwe upya. Mkaguzi anayesoma diski pekee atasema pako safi.

Kwa hiyo ripoti ya ukaguzi ije kila asubuhi, hata kama haina jipya, ikitaja saa ambayo ukaguzi ulifanikiwa mara ya mwisho na huduma zinazosubiri kuwashwa upya. Isipofika, kengele ilie. Na majina ya seva zilizoripoti yalinganishwe na orodha ya seva zote zinazolipiwa umeme, maana ile seva ya majaribio iliyoachwa na mfanyakazi aliyehama haitajitaja yenyewe.